Alimfuta Mama

Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku Baba atakapokutana na mpenzi wangu nitakuwa binti mpole, mwenye sauti ya chini na tabasamu la kuazima. Nilivaa gauni la kijani. Nilisuka nywele. Nilimwomba Mungu anifunge mdomo. Kumbe Mungu naye alikuwa na mipango yake, maana kabla jua halijashuka nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha watu, nimemwita mwanamume ninayempenda mjinga, jeuri na muuaji, na bakuli la sukari la mwenyeji wetu lilikuwa vipande sakafuni.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la mikate. Kila Jumapili alasiri, duka likishafungwa, mwenye duka alitufungulia mlango wa nyuma, nasi tukapanda ngazi na santuri zetu kwapani. Yeye tulimwita Mama Mikate, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na viti vingi. Tulikuwa kikundi cha watu wanaopenda muziki wa piano, fidla na okestra kubwa, tukajiita Kamati ya Masikio. Alikuwemo Jaji, ambaye hakuwa jaji wala wakili bali mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Jina tulimpa kwa sababu hajawahi kusikia rekodi asiihukumu kifungo. Alikuwemo Mfamasia, mpenzi wangu. Nilikuwemo mimi, fundi miwani, niliyefika pale mara ya kwanza kumpelekea Jaji miwani yake mipya, nikamkuta mwanamume ameketi karibu na spika, amefumba macho, uso umelegea kama wa mtoto aliyeshiba. Sikuondoka tena.

Kamati ilikuwa na sheria moja ambayo hata Mama Mikate hakuivunja. Aliyeleta rekodi hasemi anayepiga ni nani. Wengine wanasikiliza kimya, kikohozi unakimeza, mpaka mlio wa mwisho uishe kabisa. Hapo ndipo midomo inafunguliwa, na ole wake mpigaji.

Siku hiyo Baba alikuja. Ilinichukua miezi kumshawishi. Baba alikuwa mpiga piano wa hoteli enzi zake, mpaka baridi yabisi ilipomkamata vidole ikavikunja, na sasa hata kifungo cha shati namfungia mimi. Mfamasia, Baba hakumtaka. Hakuwa amemwona, lakini hakumtaka.

"Mtu anayepima kila kitu kwa gramu," aliniambia, "siku moja atakupima na wewe, mama. Akikuta umezidi, atakupunguza."

Nilicheka. Laiti nisingecheka.

Wazazi wa Mfamasia walikuwa waje kwetu wiki inayofuata kuzungumza mambo ya ndoa, na Baba alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alichokifanya ni kunikabidhi kanda. Ilikuwa kanda yake ya pekee, aliyojirekodi asubuhi moja katika ukumbi mtupu wa hoteli nilipokuwa mtoto mchanga. Redio yake ya kuichezea ilikuwa imekufa, na yeye alikuwa hajaisikia kwa miaka. Mpenzi wangu alikuwa na mashine nyumbani za kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta.

"Mpe huyo kijana wako," Baba alisema. "Ikirudi salama, wazazi wake waje. Ikiharibika, asikanyage kwangu."

Msomaji wangu, piano si kitu. Piano Baba alikuwa nayo kichwani. Kilichokuwa ndani ya kanda ile ni Mama. Katikati ya muziki, pale unapopoa, Mama alianza kuufuatisha kwa sauti ya chini, kule nyuma ya ukumbi, mimi nikiwa mapajani mwake. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Picha zake tunazo. Sauti yake ilikuwa mle tu, mahali pengine popote hapakuwa nayo.

Nilitaka kumweleza Mfamasia. Baba akakataa. "Mambo ya mama yako si ya kugawia watu." Basi nikampa mpenzi wangu kanda nikamwambia neno moja tu: "Itunze kama roho yangu." Akaibusu. Nikaamini kwamba nimeeleweka.

* * *

Baba aliketi kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha. Mfamasia alimwamkia kwa adabu zote, akainama mpaka nikaona nyuma ya shingo yake, ile sehemu ninayoipenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Hm," Baba alisema, na hiyo ikawa hotuba yake.

Mfamasia alinitupia jicho, jicho la mtu mwenye siri tamu. Nilijua jicho lile. Akafungua kompyuta yake ndogo, akaiunganisha na spika, akasema, "Rekodi yangu leo ni ya piano. Sisemi zaidi."

Mlio wa kwanza ulipotoka, Baba alinyanyua kichwa. Mimi pia. Ilikuwa ni ile kanda! Alikuwa ameamua kumpa Baba heshima mbele ya Kamati nzima, wajumbe wamsikilize bila kujua ni nani, wamsifu, kisha yeye asimame amtaje. Nilimpenda pale kuliko siku zote. Nakiri hivyo, ili ujue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Na jinsi ilivyosikika! Mvumo wa kanda ulikuwa umeondoka. Kila mdundo ulitoka safi, umesimama peke yake. Jaji mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, jambo ambalo kwake ni sawa na kupiga magoti. Vidole vya Baba vilivyokunjika vilianza kutembea juu ya goti lake. Nikaona macho yake yanalowa. Muziki ukapoa. Ukafika pale. Baba akaegemea mbele, sikio ameligeuzia spika, midomo imefunguka kidogo kama mtu anayetaka kumwitikia anayemwita.

Piano iliendelea peke yake.

Nikangoja. Labda nimesahau ni wapi. Labda ni mbele kidogo. Piano ikaendelea, safi, ya peke yake, mahali pale pakapita.

"Yuko wapi?" Baba akauliza.

"Shh!" Jaji akafanya, kidole mdomoni.

"Namuuliza huyu kijana. Yuko wapi?"

"Mzee, sheria yetu..." Jaji alianza.

"Jaji, nyamaza wewe!" nilimkatiza. Sijui nilisimama saa ngapi. Mkono wangu ulipiga meza na bakuli la sukari likaenda. "Zima! Zima hicho kitu!"

Mfamasia alizima. Uso wake ulikuwa bado na tabasamu ambalo halijapata habari.

"Mpenzi, vipi? Ni mshangao. Nilitaka mzee..."

"Kulikuwa na sauti ya mwanamke humo. Iko wapi?"

"Ile?" Akashusha pumzi kabisa, akaona swali ni rahisi. "Niliitoa. Nimeusafisha muziki wote. Kulikuwa na mvumo, viti vinalia, mtu fulani nyuma anaimbaimba. Imenichukua wiki nzima, nilikuwa nalala saa chache. Sasa inasikika piano tupu."

Mama Mikate alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Mtu fulani nyuma," Baba alirudia polepole. "Mtu fulani nyuma alikuwa mke wangu."

Lile tabasamu likafa. Nilitazama linavyokufa na sikumwonea huruma hata chembe.

"Mungu wangu," alisema. "Mama yako?"

"Mama yangu! Umemfuta mama yangu! Miaka yote kifo kimeshindwa kumtoa mle, wewe umemtoa kwa wiki moja!"

"Sikujua! Hukuniambia!"

"Nikuambie nini? Kwamba binadamu si uchafu? Hilo nalo linahitaji maelezo, kama chupa ya dawa, kutwa mara tatu?"

"Uliniambia niitunze. Nikaitunza! Kwa wapenda muziki kutunza ni kusafisha, muulize Jaji!"

"Msiniingize mimi," Jaji alisema.

"Kanda yenyewe iko wapi?" Baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo niliyoiogopa. Baba akipiga kelele, usiku analala vizuri.

"Mzee, kanda ilikuwa imechoka sana. Ilicheza mara moja tu. Niliporudia ikakatika vipande, ikajisokota kwenye mashine."

"Na ile nakala ya kwanza uliyohamisha? Kabla hujasafisha?"

Aliitazama kompyuta kwanza. Mwenye la kujibu hujibu upesi.

"Nilihifadhi ile safi juu yake," alisema. "Sikuona sababu ya kuweka ile mbaya."

Ile mbaya! Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nilimwambia mengi pale, mengine siwezi kuyaandika kwenye kitabu kitakachosomwa na watu wenye heshima zao. Nilimwita jeuri. Nilimwita muuaji. Nilimwambia kila nikiimba nikikata vioo vya miwani yeye hunyoosha kiganja, "ngoja kidogo, mpenzi, nisikie hapa," nami mjinga nanyamaza, nanyamaza kwa mapenzi.

"Siku nikiwa mke wako utanifuta lini?" nilimuuliza. "Nikikohoa? Nikikoroma? Mtoto akilia utatafuta kitufe?"

"Usiseme hivyo."

"Nitasema! Ulimsikia, sivyo? Ulikaa na sauti yake masikioni wiki nzima. Hukujiuliza huyu ni nani?"

Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini alinitazama usoni, hakukwepa. Hilo namhesabia.

"Nilijiuliza," alisema. "Nilijibu mwenyewe. Nilisema ni mfanyakazi wa hoteli hana adabu, anaharibu kazi nzuri ya mzee. Nilimkasirikia. Kila nilipomtoa nilifurahi."

Baba alisimama. Alitafuta fimbo yake, akaikosa, nikampa. "Twende nyumbani, mama."

"Mzee, tafadhali..."

"Kijana, sikukupenda kabla sijakuona. Sasa nimekuona."

Tulikuwa tumefika mlangoni Mama Mikate alipoita. Yeye ni mtu wa jikoni, hasira za watu hazimsumbui, anajua hata unga ulioungua una mahali unapotupwa.

"Hebu ngojeni. Mfamasia, ulichokitoa ulikiweka wapi?"

"Kukiweka?"

"Nikichekecha unga, chenga hubaki kwenye chekeche. Zako zilibaki wapi?"

Mfamasia alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Akaketi, akavuta kompyuta.

"Kuna faili," alisema. "Huwa naweka pembeni vyote nilivyotoa, nivisikilize peke yake, nihakikishe sijakata muziki kwa bahati mbaya. Nikishahakikisha nafuta. Sikumbuki kama..." Akasogeza uso kwenye kioo. "Ipo. Haijafutwa."

Jaji akasimama ghafla, miwani niliyomtengenezea ikamshuka puani. "Basi jumlisha! Ulichobakisha ongeza ulichotoa, unapata kile cha mwanzo. Hiyo hesabu ya darasa la kwanza!"

Nilisogea nyuma ya bega la Mfamasia. Nikaona jina la faili kwenye kioo. Lilikuwa limeandikwa TAKATAKA.

Yeye alijua nimeliona, maana shingo yake ilikakamaa. Kuna hasira ikipita kiasi haina maneno, inabaki tu imekaa kifuani na viatu vyake.

"Nijumlishe, mzee?" akauliza.

"Usijumlishe kitu," Baba alisema. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake. "Nifungulie sauti yake peke yake."

Kwanza ukaja mvumo. Kisha kiti kikalia. Kikohozi kimoja, cha Baba alipokuwa na mapafu ya kijana. Halafu, mbali kidogo, Mama akaanza kuufuatisha muziki ambao sisi hatukuusikia. Kule nyuma, bila piano ya kumfunika, sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, na ilipotea njia mara mbili tatu, ikajicheka. Baba aliweka kiganja machoni. Nilishika bega lake. Hapo ndipo nilipodhani imekwisha, maana ndipo ilipokuwa ikiishia siku zote.

Haikuishia hapo. Muziki ule mwishoni hunguruma, Baba akipiga kwa mikono miwili kwa nguvu zote, na kumbe chini ya ngurumo ile Mama alikuwa anaongea. Anaongea na mimi. Alikuwa ananong'ona, nasi hatukuwahi kumsikia kwa sababu piano ilimkalia juu.

"Unamsikia baba yako?" alisema. "Ana wasiwasi huyo. Anafikiri bado nimemnunia kwa sababu hakuwepo ulipozaliwa. Nilishamsamehe zamani. Usimwambie lakini, eh? Akiwa na wasiwasi anapiga vizuri."

Kisha akacheka, mtoto akaguna, yaani mimi, na mvumo ukafika mwisho.

Nje mtu alikuwa anavuta mlango wa chuma wa duka la jirani. Baba alikuwa analia waziwazi, bila aibu, kwa sauti, mbele ya watu aliowafahamu siku hiyo hiyo. Sijawahi kumwona hivyo hata tulipomzika Mama.

"Usiku uliozaliwa nilikuwa napiga piano kwenye harusi ya matajiri," aliniambia. "Walinipigia simu, nikasema namalizia wimbo huu. Nikamaliza na mwingine. Mama yako hakunisema hata siku moja. Nilimpikia, nilimfulia, nilimnunulia viatu, hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Akaugua. Hata pale kitandani niliogopa kumuuliza."

"Alikusamehe, Baba."

"Nimesikia. Mwanamke yule! Nimezeeka nikingoja sentensi moja, kumbe aliisema mgongoni mwangu!" Alicheka na kulia pamoja, na sikuweza kujua kipi kinamshinda. "Nina hasira naye. Akiwepo leo ningegombana naye mpaka jioni."

Mfamasia alikuwa amepiga magoti kando ya kiti. "Mzee, nisamehe. Sina la kujitetea. Ningefuta na hii kesho."

"Najua ungefuta," Baba alisema. "Wewe ni mtu hatari. Mikono yako usiiweke kwenye kitu changu chochote tena bila kuniuliza. Umesikia? Wazazi wako waje. Lakini mashine zako ziache kwako."

Mimi niliposikia "waje" sikufurahi. Ndiyo, nilikuwa nimeililia ruhusa ile miezi mingi, na sasa imekuja sikuitaka. Nilimtazama mwanamume yule pale sakafuni, karibu na sukari iliyomwagika, na nilitamani kumkumbatia na kumpiga kwa mkono uleule. Je, mtu aliyemsikia mama yangu akamwita takataka, nitalala naye kitanda kimoja maisha yangu yote?

Alinyanyuka akarudi kwenye kompyuta. Aligusa jina la faili, akalifuta lote, kile kijistari kikabaki kinapepesa.

"Niandike nini?" aliniuliza bila kugeuka.

"Andika Mama."

Akaandika. Kisha akahifadhi nakala kwenye flashi, na nyingine, na nyingine, akampa Jaji moja na Mama Mikate moja, kama anayegawa dawa wakati wa kipindupindu. Alipomaliza akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalinitazama kwa namna ile iliyonifanya nisiondoke siku ya kwanza, ila leo yalikuwa wazi na yanaogopa.

"Nikuulize?"

"Usiniulize."

"Umenisamehe?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelinoa. Nilitaka nimwambie "bado," nishuke ngazi nikitingisha gauni langu la kijani, nimwache akeshe na "bado" hiyo wiki nzima, mwezi mzima, apungue kilo, ajifunze. Alistahili. Nilifungua mdomo.

"Mama," Baba aliniita kutoka kwenye kiti, taratibu. "Kama umemsamehe, mwambie. Usimfanyie mtoto wa watu nilichofanyiwa mimi. Kama hujamsamehe, hilo nalo mwambie. Lakini asikie kwa masikio yake, leo."

Mama Mikate alikuwa anaokota vipande vya bakuli, kimoja kimoja, bila kupiga kelele.

"Nimekusamehe," nilisema. Sauti ilitoka kali, karibu kama tusi. "Umesikia? Nimekusamehe, mjinga wewe. Hasira bado ninazo, na nitakuja nazo nyumbani kwako, na hutazipunguzia sauti."

"Sitazipunguza," alisema.

"Sema tena."

"Sitapunguza chochote."

Nikachukua ufagio kwa Mama Mikate, nikampa yeye, nikamwonyesha sukari.